Kava Jekundu la Kioo cha Kushoto

Jumatatu moja mwaka 2012 nilifika kazini Lodwar kabla ya saa moja asubuhi, kama ilivyokuwa desturi yangu, nikaikuta pikapu niliyokuwa nikiiendesha imeegeshwa kinyumenyume. Mimi huiingiza kwa mbele. Nikasimama, nikaizunguka polepole, na nilipofika upande wa abiria nikaona. Kioo cha pembeni kilikuwa kizima, lakini lile kava la plastiki linalokifunika kwa nyuma halikuwapo. Yalibaki matumbo tu: nyaya mbili, chuma cheusi, na kipande kidogo cha plastiki nyeupe kilichokuwa kimeng'ang'ania kwa meno matatu. Nikainama kutazama chini ya gari, pengine lilikuwa limedondoka hapo. Palikuwa na mchanga na alama za matairi, basi.

Mimi ni mwanamke wa Voi. Baba yangu aliendesha trekta katika mashamba ya mkonge, na usukani niliujua kabla sijajua kuandika vizuri. Nilikuja Turkana kwa sababu shirika dogo la kutengeneza pampu za visima lilitangaza kazi ya udereva, na tangazo halikusema mwanamke asiombe. Tulikuwa madereva wanne. Wale watatu walikuwa wanaume, na walinizoea baada ya wiki mbili. Asiyenizoea alikuwa afisa wa uchukuzi, aliyekuwa akituandikia safari na kutunza funguo. Yeye alikuwa na binamu huko kwao, na alikuwa akimtafutia binamu huyo kazi ya udereva, wala hakulificha jambo hilo. Mimi aliniita "madamu dereva," na akishalisema alikuwa akitazama huku na huku kuona nani amecheka.

Utaratibu wetu ulikuwa kwamba kila Ijumaa jioni funguo zote anakabidhiwa yeye, na Jumatatu asubuhi unazichukua kutoka kwake. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili pikapu ilikuwa mikononi mwake.

Baba alinifundisha jambo moja kabla hata hajanifundisha klachi: ukishuka kwenye gari la watu, andika kilomita. Nilikuwa na daftari la shule, la aina ile yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na Ijumaa nilikuwa nimeandika. Nikachungulia dirishani. Kilomita zilikuwa zimeongezeka sabini na moja.

Nikaenda langoni. Askari wetu wa lango alikuwa Mturkana wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto wanne, mtu ambaye kila asubuhi alikuwa wa kwanza kunisalimu. Siku hiyo nilimwanza mimi.

"Ejok."

"Ejok-noi," akajibu, macho yakiwa kwenye viatu vyake vya akala.

"Pikapu ilitoka Jumapili?"

"Mimi sijui, mama. Mimi naangalia lango tu."

"Na gari hupita wapi kutoka, kama si langoni?"

Nikaona uso wake, nikamwacha. Nilijua kazi yake inategemea mtu yule yule aliyetunza funguo zangu.

Afisa alifika saa mbili. Mtu akikuta gari limeharibika, kwanza huuliza kumetokea nini. Yeye hakuuliza. Alitoka ofisini kwake na fomu ambayo tayari ilikuwa imejazwa, jina langu juu, na mstari mmoja mtupu chini.

"Tia sahihi hapa, madamu dereva."

Nikaisoma yote, tena polepole, maana nilijua inamuudhi mtu kusomwa maneno yake. "Hapa inasema nimelivunja mimi, kwa uzembe."

"Gari ni lako."

"Ijumaa nilikupa funguo mkononi. Kava lilikuwapo."

"Nani aliandika kwamba lilikuwapo?"

"Kava sikuandika. Kilomita niliandika." Nikalifungua daftari, nikamwonyesha, kisha nikamwonyesha dashibodi. "Sabini na moja. Zimetoka wapi?"

Alilitazama daftari kama kitu kilichookotwa jalalani. "Hiki ni kitabu cha mtoto wa shule. Kitabu rasmi cha safari hakina safari yoyote ya wikendi."

"Ndicho ninachokisema. Kilomita zipo, safari haipo."

Akakunja fomu, akaikunjua tena. "Hutii sahihi?"

"Sitii."

"Basi gari halitoki. Gari bovu haliendi barabarani, hiyo ni kanuni. Litasimama hapo mpaka kava lipatikane, tena la orijino, na barua ya onyo itaingia kwenye faili lako, utie sahihi usitie."

Sitajifanya kwamba sikuogopa. Nilikuwa na binti sekondari kule Voi, na nyuma yake hapakuwa na mtu mwingine ila mimi. Lakini nilipoufikiria ule mstari mtupu, jina langu likiwa pale chini ya neno "uzembe," mwili wote ulikataa.

Mchana huo wenzangu wa ofisini walicheka. Kava la kioo! Kipande cha plastiki cha ukubwa wa sahani! Mmoja akanishauri nifunge mfuko wa nailoni na mpira. Sikuwalaumu, maana hawakuwa wakiendesha. Kwenye barabara za kule, kioo kisicho na kava hupigwa na upepo na changarawe kwa nyuma, kikatetemeka mpaka kila unachokiona nyuma yako kinakuwa ukungu. Vumbi linaingia ndani, vibano vinalegea, na siku moja kioo chenyewe kinachomoka kwenye matuta. Na upande wa kushoto ndiko kuliko na miiba ya vichaka vya mathenge iliyoinamia njia, na ndiko watoto na mbuzi wanakotokea.

Aliyeelewa alikuwa fundi wa pampu, mwenzangu wa safari zote. Alikuwa Mturkana wa makamo, mwenye kisanduku cha spana ambacho hakumruhusu mtu kukibeba. Juma hilo tulikuwa twende Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, ambako pampu ilikuwa imekufa na akina mama walikuwa wanafukua mchanga wa laga, mto uliokauka, kutafuta maji. Magari mengine yote yalikuwa yameshapangiwa kazi upande wa Kerio.

"Dada," akaniambia, "watu wananingoja kule."

"Najua. Kava nitalitafuta mwenyewe. Ila sahihi sitii."

Akakitua kisanduku chake. "Ukilileta wewe, watasema ni wewe ulivunja."

"Waseme wakiwa hapa Lodwar. Sisi tutakuwa Namoruputh."

Basi nikakichomoa kile kipande chenye meno matatu, nikakifunga kwenye leso, nikaanza kutafuta.

Duka la spea la Lodwar lilikuwa la bwana mmoja kutoka Nyeri, mchangamfu, ambaye angeweza kumuuzia mtu tairi la trekta kwa ajili ya baiskeli. Nilipomwambia nataka kava la saidi mira la kushoto, hakuuliza la gari gani. Aliniwekea juu ya kaunta makava mawili ya kung'aa kama sufuria mpya.

"Madamu, weka haya. Hata magari ya wakubwa yamewekwa haya. Utaonekana kutoka ng'ambo ya mto."

Nikayageuza. Ndani hayakuwa na meno hata moja, ila utepe wa gundi.

"Haya yanabandikwa juu ya kava," nikasema. "Mimi kava lenyewe sina."

"Gundi hii, madamu, inashika hata ukuta."

"Tuijaribu?" Nikaomba nibandike moja kwenye bati la pikipiki mbovu iliyokuwa nje ya duka, juani. Akakubali, kwa kuwa alikuwa na uhakika. Tukanywa soda, tukazungumza habari za mvua za kwao na za kwetu. Soda haikuisha. Jua la Lodwar la saa saba lilikuwa limeilainisha ile gundi, na kava lile zuri likawa linateremka kwenye bati polepole, mpaka likaanguka mchangani. Akacheka mpaka akajifuta machozi, na sifa zake akazimeza. Alinionyesha na mengine, meusi, yanayodaiwa kuenea gari lolote, lakini tundu la taa ya indiketa lilikuwa halipo na umbo lilikuwa pana mno. "Nenda Kakuma," akaniambia mwishowe, kwa ukweli wa mtu aliyekwisha kushindwa. "Katika kambi ya wakimbizi kuna Mkongo anayepaka magari rangi. Vya kweli vyote vinaishia kwake."

Jumamosi nilipanda lori la vitunguu lililokuwa linaelekea huko, dereva wake akiwa mtu tuliyefahamiana barabarani. Tulingoja gari la polisi la kusindikiza, tukaondoka kwa msafara. Lami ilikuwa imeliwa vibaya hivi kwamba magari yalikuwa yanapita pembeni, juu ya mchanga, na barabara yenyewe imeachiwa mbuzi. Kabla ya saa sita nilikuwa Kakuma, nikiuliza njia katikati ya maduka ya Wasomali na mikahawa ya Wahabeshi, kila ninayemuuliza ananijibu kwa Kiswahili cha kwao na kidole kikionyesha upande huo huo.

Nilimkuta chini ya paa la turubai, mwanamume mrefu mwenye rangi za kila aina kwenye kucha, akisugua mlango wa gari kwa msasa. Nyuma yake palikuwa na rundo la makava ya vioo, yametiwa kwenye magunia kama mahindi.

"Karibu, mama. Unatafuta nini?"

Nikafungua leso, nikampa kipande. Hakuuliza gari gani. Alikigeuza mara mbili, akayahesabu meno kwa ukucha.

"Aa, hii naijua. Kule kwetu niliitengenezaka sana."

Akamwaga gunia moja chini, akaniambia nichague. Ilikuwa kama ananipima. Nikaokota kava moja zuri jeupe, halina mkwaruzo, nikamnyoshea kwa furaha. Akalitazama, akatazama mkono wangu, akaangua kicheko.

"Mama, hii ni ya kuume."

Kweli lilikuwa la kulia. Nikaona aibu, dereva mzima, nikacheka naye. Nikaanza tena, safari hii taratibu. Nikajifunza pale pale kwamba kava unalisoma kwa ndani. Kwanza upande, kisha tundu la indiketa, kisha meno: mangapi, yamekaa wapi, yamepinda au yamenyooka. Yakabaki mawili. Moja lilikuwa jeupe, jipya kabisa, bado lina karatasi ya dukani. La pili lilikuwa la zamani, jekundu lililokoza, limepauka kidogo ukingoni, limetoka kwenye gari la aina ile ile lililopinduka miaka ya nyuma.

"Hii nyeupe iko muzuri ku macho," akasema. Akaliminya jino moja kwa kidole gumba, likapinda kama nta. "Lakini angalia meno. Ni ya mutoto. Barabara ya Lodwar itayang'oa yote. Hii nyekundu ndiyo yenyewe."

Akachukua kile kipande changu, akakilaza juu ya lile jekundu. Meno matatu yakalala juu ya meno matatu.

Akaniletea kioo kibovu cha gari jingine, akanikalisha kwenye dumu, akanipa bisibisi bapa, akaniambia nifanye mwenyewe. Kwanza unakisukuma kioo kwa ndani upande mmoja mpaka ule mwingine ujitokeze, unapitisha vidole, unakivuta bila pupa, unachomoa nyaya. Meno ya kava yanaonekana sasa. Kutoa, unayabana moja moja. Kuvisha, unaanza na ukingo wa juu, unasukuma kwa kiganja hadi usikie sauti tatu. Ikiwa umesikia mbili, hujamaliza. Nilirudia mara nne. Mara ya kwanza nilijikata kidole, akanipa kitambaa chenye harufu ya petroli, akaendelea kunitazama.

"Sasa nikupigie rangi nyeupe," akasema. "Saa mbili tu, itakauka."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali. Kisha nikafikiri. Likiwa jeupe, mtu atapita asijue kitu. Afisa ataandika kwamba gari liko vile lilivyokuwa, na barua itabaki kwenye faili kimya, nami nitakuwa nimemsaidia kufukia aliyoyafanya.

"Liache hivyo hivyo," nikasema.

"Batakucheka, mama. Gari nyeupe, sikio nyekundu!"

"Wamekwisha kucheka. Nataka kila anayeliona aulize."

Akaniuliza aulize nini, nikamweleza habari zote, kuanzia funguo hadi fomu. Alisikiliza huku anapangusa lile kava kwa kitambaa, ingawa lilikuwa limekwisha kuwa safi. Akaniambia kwamba kwao alikuwa na gereji, na siku moja watu wenye bunduki walikuja wakachukua mashine yake ya kupulizia rangi. Walipokuwa wanaondoka walimpa karatasi aandike kwamba ameitoa kwa hiari.

"Mimi nilisaini," akasema. "Ningefanya nini? Lakini mpaka leo ile karatasi naiona. Mashine siioni tena. Ile karatasi naiona."

Nikatoa pesa, nikamlipa. Nilimshukuru, nikalifunga kava kwenye leso pamoja na kipande chake, nikarudi Lodwar Jumapili.

Jumatatu, wafanyakazi walipokuwa wanafika, mimi nilikuwa nimeshalaza gunia mchangani kando ya pikapu. Sikutaka kulivisha kwa kificho. Fundi wa pampu alisimama karibu na kisanduku chake. Nikakichomoa kioo, nikapuliza vumbi la wiki nzima, nikaanza na ukingo wa juu. Ta. Ta. La tatu likawa gumu, jasho likanitiririka hadi machoni, nikasukuma kwa kiganja na uzito wangu wote. Ta. Wale waliocheka juma lililopita wakapiga makofi, wengine kwa utani, wengine kwa dhati. Nikarudisha kioo, nikakisukuma kwa kidole, kikazunguka juu na chini bila kukwama.

Afisa alitoka, akasimama mbele ya kioo.

"Jekundu?"

"Ni orijino, ulivyotaka. Unaweza kuhesabu meno."

"Gari la shirika ni jeupe. Hili halikubaliki."

"Nionyeshe kanuni inayosema rangi."

Hakuwa nayo. Akasema basi nitie sahihi kwanza, ndipo atanipa karatasi ya safari. Nikamwambia twende kwa mkurugenzi, na kwa kuwa nilitangulia kutembea ilimbidi anifuate.

Mkurugenzi wetu alikuwa mama mpole, msomi, ambaye hakupenda kelele. Alitusikiliza wote wawili, feni ikizunguka juu yetu. Kisha akachukua karatasi na kuandika maneno yake mwenyewe, akanisomea: kava lilivunjika katika matumizi ya kawaida, na dereva amelibadilisha.

"Hapo hakuna uzembe," akasema. "Tia sahihi, mama, yaishe. Mbona tunalikuza jambo dogo?"

Ilikuwa karatasi ya upole, nami nilikuwa nimechoka. Nilimkumbuka yule Mkongo.

"Kama ni dogo, liondolewe kwenye faili langu," nikasema. "Hapo umeandika dereva. Dereva ni mimi. Mimi sikuwa kwenye gari hilo. Sitatia sahihi fomu ile ya kwanza wala karatasi hii ya pili, na ukinifukuza, andika kwamba umenifukuza kwa sababu nimekataa kusema uongo."

Sijui nilitoa wapi sauti ile. Afisa akaanza kuzungumza Kiingereza, haraka haraka, juu ya nidhamu na wanawake wasiojua nafasi yao, na mlango ukagongwa.

Alikuwa askari wa lango, kofia yake mkononi.

"Mimi nataka kusema," akasema, akiwa bado kizingitini. "Jumapili ile gari inarudi saa kumi. Kioo hiyo iko vunjika tayari. Bosi ndiyo anaendesha. Anaambia mimi nyamaza."

"Huyu amelewa," akasema afisa.

"Mimi sikunywa. Mimi ni mtu ya kanisa. Mama huyu hakuwa ndani."

Mkurugenzi alimgeukia afisa, akamuuliza pikapu ilikwenda wapi. Akasema ilikuwa shughuli ya ofisi. Akamuuliza shughuli gani. Akarudia maneno yale yale. Mkurugenzi akafungua kabati, akatoa faili langu, akachomoa ile barua ya onyo.

"Unataka niifanye nini?"

"Ichanwe nikiona."

Akanipa. "Ichane mwenyewe."

Nikaichana vipande vinne, na ile fomu ya afisa iliyokuwa mezani nikaichana pia, nikavitia kwenye pipa chini ya meza. Hapakuwa na kuombwa radhi. Afisa hakuadhibiwa kwa namna yoyote niliyoijua. Lakini saa tano tulikuwa barabarani, fundi wa pampu kushoto kwangu, akiimba kwa sauti ya chini, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akikifanya.

Namoruputh tulikaa siku mbili. Pampu ilikuwa imekatika fimbo ndani, na akina mama ndio waliovuta bomba pamoja nasi, shanga zao zikigongana. Maji yalipotoka yalikuwa na kutu, kisha yakaja meupe. Bibi mmoja alilishika lile kava jekundu, akauliza kitu, fundi akanitafsiria: anataka kujua kwa nini sikio moja limepakwa rangi. Nikamwambia amweleze. Alimweleza kwa maneno mengi kuliko niliyotarajia, na wale akina mama wakageuka wote kunitazama. Bibi yule akanishika mkono, akautingisha mara mbili kwa nguvu, akarudi kwenye foleni ya maji.

Ningependa kuishia hapo, lakini sivyo ilivyokuwa. Kabla ya mwezi kwisha, askari wa lango alihamishwa. Alipelekwa kulinda bohari la mabomba nje ya mji, peke yake, mahali pasipo na kivuli cha mti hata mmoja. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani. Nilimwendea na dumu la maji, nikamkuta ameketi kwenye ukanda wa kivuli cha ukuta, ukanda mwembamba kama mkeka wa mtoto.

"Ni kwa ajili yangu," nikamwambia.

"Hapana, mama. Ni ajili ya mdomo yangu." Akacheka. "Mke yangu aliniuliza, wewe ni soja ya nini kama unaona na unanyamaza? Nikashindwa kula."

Nilirudi ofisini na hasira mpya. Tukaandika barua, madereva wanne na fundi wa pampu, tukaeleza mahali pale pakoje na kwa nini mtu yule alikuwa pale. Safari hiyo sahihi niliitia, ya kwanza kabisa, kwa herufi kubwa. Mkurugenzi aliijibu kwa maneno laini. Tukaandika ya pili. Ilichukua miezi miwili hadi wamrudishe langoni, na katika miezi hiyo aliugua mara moja kwa ajili ya jua. Najua kwamba ujasiri wangu yeye aliulipia sehemu, na sijapata njia ya kulisawazisha jambo hilo moyoni. Nikiulizwa kama ningetia sahihi kumwepushia, jibu langu bado ni hapana, na najua yeye angenikasirikia kama ningesema ndiyo.

Mwaka uliofuata, serikali ya kaunti ilipoanza, watu wengi walihama mashirika kutafuta kazi mpya. Afisa wa uchukuzi alipata yake Kakuma. Siku ya kuondoka, madereva wengine walikuwa safarini, na gari lililokuwapo lilikuwa la kwangu. Alisimama uani na masanduku yake mawili, akilitazama kava jekundu, kisha akapakia, akaketi mbele.

Sikuwasha gari. Akanitazama.

"Nini?"

"Mkanda."

"Mimi huwa sifungi."

"Katika gari ninaloendesha mimi, kila mtu hufunga. Ama ushuke ungoje lori."

Askari wa lango alikuwa ameshafungua lango, anasubiri. Afisa akauvuta mkanda, akaufunga. Tulipita laga mbili zilizokuwa na maji ya mvua ya juzi. Kwenye ile ya pili nilishuka, nikapima kina kwa fimbo, nikarudi, nikavuka kwa gia ya kwanza bila kuzima. Nilimwona amekishika kishikio cha mlango kwa mikono yote miwili.

Tulifika Kakuma saa sita kasorobo. Akashusha masanduku yake, akajipangusa vumbi, akasimama dirishani kama mtu anayetafuta neno alilolisahau.

"Unaendesha vizuri," akasema.

"Najua," nikamjibu, nikatia gia.